Skrini Ndogo Ndani ya Boksi Kubwa

Kuze, usiku wa kuamkia siku ya vyombo

Mwanangu Rukia,

Salamu utapata siku nyengine. Ukiifikia karatasi hii, boksi limeshafunguliwa mbele ya watu. Mabibi wa Tudor, waliokusanyika ukweni kwako kukagua vyombo vyako vya harusi, wameshachungulia ndani, na badala ya ile televisheni ya inchi hamsini na tano uliyowasifia wiki nzima, wameona mablanketi yangu makuukuu, na katikati ya mablanketi kiskrini cheusi cha inchi ishirini na saba, hakina nakshi, hakina urembo, kina mguu tu. Wamecheka. Najua wamecheka kwa sababu nawajua, na kama mmoja amejizuia basi ni yule aliyekuwa na sambusa mdomoni. Usimlaumu mwenye duka wala usiwasingizie mahamali. Ni mimi mamako niliyelifunga boksi hilo kwa selotepu, na nimewaagiza shangazi zako wapige vigelegele kwa nguvu zote wakati linaingia mlangoni.

Mambo ya nyumba sikuandikii. Kupika unajua, chumvi hujui, na huyo mumeo atazoea au atakula kwa mamake. Kufua hujui kabisa, na nimechoka kukufundisha. Ninayoyaandika ni ya ile mashine yako ya kompyuta na skrini yake, kwa sababu humo ndimo ulimoniudhi na humo ndimo nitakamolipiza.

Unaikumbuka skrini yako ya kwanza? Ilitoka kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, walipokuwa wanatupa vitu vyao vya zamani. Ilikuwa imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara, nawe ukaipandisha ngazi za nyumba yetu umeikumbatia kifuani. Mashine yenyewe uliiunga kidogo kidogo, kifaa hiki leo, kile mwezi ujao, mpaka ukaipata ile kadi ya picha ambayo ulikuwa ukiipangusa vumbi kwa brashi yangu ya wanja. Mimi nilidhani unacheza tu. Kila nikipanda juu kukutukana nakukuta umevaa visikio, unawapa amri wasichana wa timu yako, wa Kisumu na wa Tanga, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kinywani mwako. Hapa chini ulikuwa unanong'ona hata ukiomba sukari. Kule juu ulikuwa unaamrisha, na watu wanatii. Baadaye nikajua kuna watu wanaokulipa uwafundishe mchezo huo, na kwamba umeme wa nyumba hii ulikuwa unalipwa na watu wanaopigana risasi ndani ya kioo.

Nilikuonea wivu. Mwanamke wa umri wangu kumwonea wivu bintiye si jambo la kujisifia, lakini ndivyo ilivyokuwa, na yale matusi ya uvivu yote yalitoka hapo. Mimi katika maisha yangu sijamwamrisha mtu yeyote isipokuwa wewe na paka.

Siku moja ukaniita nije juu. Nakumbuka ulikuwa na hasira, si na mimi.

"Mama, ndoo utizame."

"Ntizame nini? Watu wauana tu."

"Siyo hivyo. Kadi hini yapika pilau ya sufuria zima, na skrini hini yapakua kwa kijiko cha chai. Kadi yatoa picha mia na hamsini kwa sekunde moja, skrini yaonyesha sitini. Zilobaki zote zapotea. Adui yuwatokea kwa mwenzangu kabla hajatokea kwangu."

"Basi nunua kubwa."

"Ukubwa si kitu, Mama. Zile kubwa za sebuleni zina nukta nyingi mno za kujazwa picha. Kadi yangu yashindwa kulijaza sinia lile, na hata ikilijaza, bado ni sitini."

Siku hiyo ndiyo niliyojua hezi ni nini: ni mara ngapi skrini inabadilisha picha kwa sekunde moja. Ukanieleza kwamba unataka ya mia na sitini na tano, na nukta za kadiri, si chache za kizamani wala si zile nyingi za kuonyeshea wageni, na iwe na ule ufundi wa skrini kuisubiri kadi ili picha isikatike katikati. Ulizungumza mpaka chai yangu ikapoa. Nilikutazama nikasema moyoni, huyu mtoto anajua anachokitaka mpaka kwenye nukta. Nilifurahi, na sikukwambia kwamba nimefurahi kwa sababu ungevimba kichwa.

Kisha akaja Nassir kukuposa.

Nassir si mtu mbaya, na ndiyo sababu namuogopa. Mwanamume mbaya angekwambia uache, nawe ungemshikia kiuno, maana kiburi unacho, umekirithi kwangu. Huyu aliketi sebuleni petu, akanywa sharubati yangu ya ukwaju mpaka tone la mwisho, akanisifia, kisha akasema kwa adabu zake zote: "Mama, mie sina neno na kompyuta yake. Ila naona skrini iwe moja tu, kubwa, tuiweke sebuleni, sote tufaidi. Mpira tutizame, mamangu na tamthilia zake, na yeye akitaka kucheza, acheze."

Nilikutazama wewe. Nilingojea useme habari za sufuria na sinia. Ulikuwa unachezea ncha ya mtandio.

"Hata mie naona hivyo," ukasema.

Nikakuuliza, "Na hezi?"

Ukacheka. Si kicheko chako. Ulicheka kile cha kumwonyesha mgeni kwamba mamako ni mshamba kidogo. "Mama nawe! Hezi za nini tena?"

Rukia, mimi nimefiwa na mume, nimefiwa na wazazi wote wawili, na nimewahi kupigwa na mlango wa tuktuk pale Makadara mbele ya watu. Hakuna kilichoniuma kama kicheko kile. Wewe uliyenifundisha jambo lile ulijifanya hulijui, na ukanifanya mimi mjinga kwa kulijua. Nilitaka kukuzaba kofi hapo hapo mbele ya mchumba wako. Nikaenda kumwongezea sharubati.

Jioni yake nilisimama kwenye ngazi nikakusikia ukiwaambia wasichana wako, "Nafasi yangu mpeni mwengine. Mie n'taolewa." Ulisema kwa sauti ya chini, ile ya kuombea sukari. Hakuna aliyekushurutisha. Nassir alikuwa kwao analala usingizi wake wa mtu mwema.

Hapo ndipo nilipolikumbuka friji langu, na lazima nikuhadithie hata kama huna hamu.

Nilipoolewa na babako nilikuwa na kazi yangu. Nilikuwa nikiuza barafu za ukwaju na za ubuyu dirishani kwetu, na watoto wakitoka chuoni walikuwa wakisukumana mpaka ustadhi anakuja kuwatawanya. Mamangu alitaka kunitia kwenye vyombo vyangu friza la kulala, lile jeupe linalofunguka kwa juu, la mtumba, limebonyea ubavuni. Lilikuwa linagandisha mpaka kisu kinakataa kupita. Mimi nikalilia friji la kusimama. Milango miwili, linang'aa, mtu akisimama mbele yake anajiona. Nilililia kwa sababu ya siku ya vyombo, unajua mabibi wetu wanavyopita wakibonyeza godoro, wakifungua makabati, wakihesabu sahani. Nilitaka wakifika kwenye friji wanyamaze. Mamangu alinihurumia, akaliuza lile la kulala, akaninunulia lile nililolililia mpaka macho yakavimba.

Wakanyamaza kweli. Furaha yangu ilikuwa siku ile ile moja.

Friji zuri linawekwa sebuleni, na friji la sebuleni ni la kila mtu. Mavyaa wangu, huyo nyanya yako unayemwombea dua kila Alhamisi, alianza na chupa zake mbili za maji. Kisha dawa zake. Kisha samaki wa shemeji, kisha nyama ya jirani ambaye umeme wake umekatwa. Mlango ulikuwa unafunguliwa asubuhi mpaka usiku, na barafu zangu zikawa zinatoka majimaji, zina harufu ya papa. Watoto walizirudisha dirishani, wengine wakiwa wameshazionja. Babako hakunikataza kuuza hata siku moja. Alikuwa akiniomba tu, kwa upole: "Hebu msogezee Mama nafasi kidogo." Nilimsogezea mpaka nikaisha. Baada ya hapo nikawa mtu wa kuomba pesa ya sabuni, na nimeomba mpaka siku tuliyomzika, Mungu amrehemu.

Mamangu nilimpenda sana, na jambo moja tu sijamsamehe, ile huruma yake. Angenitia kwa nguvu lile friza lililobonyea, mabibi wakanicheka siku moja, nami ningelia siku moja. Lakini nani angeweka samaki wake ndani ya friza lililomwaibisha bibi harusi mbele ya watu? Lingetupwa uani, na uani ningekuwa na kazi yangu. Alishindwa kuniona nikilia. Mimi sishindwi. Nimekuona ukilia tangu ulipozaliwa na mara nyingi ni upuuzi.

Kwa hiyo juzi, ulipokwenda kupakwa hina, nilimwita hamali na mkokoteni wake, tukaichukua ile televisheni ndani ya boksi lake, haijaguswa, tukairudisha dukani Makadara. Mutua, yule kijana Mkamba mwenye duka, alinitazama kama nimerukwa na akili.

"Mama, si ulisema ni ya harusi?"

"Harusi ipo. Nataka ya inchi ishirini na saba. Mia na sitini na tano."

"Hiyo ni ya wachezaji. Kwa sebule itaonekana kama picha ya pasipoti."

"Hilo ndilo nitakalo," nikamwambia. "Na unipe boksi tupu la ile uliyoitundika ukutani."

"Boksi tupu la nini?"

"La kumtia adabu mtu."

Akacheka akanipa. Tofauti ya bei alinirudishia na nimeila, usiniulize. Ile mashine yako, ambayo ulisema ibaki hapa kwanza mpaka mtulie, imo ndani ya kabati la nguo, chini ya mashuka ya maua, na kadi nimeifunga kwa fulana yako ya shule. Kibodi imo kwenye sufuria la biriani. Mtatulia nayo.

Najua unavyonifikiria sasa hivi. Unasema mama ana roho mbaya, kwa nini asiniambie tu? Nilikwambia. Nilikuuliza habari za hezi mbele ya mchumba wako, ukanicheka. Ningekuletea skrini hiyo mchana kweupe ungenishukuru, ungenibusu mkono, na usiku ungempigia Nassir mwende mkaibadilishe. Unapenda kupendwa, Rukia. Ni ugonjwa, na kwa uso uliopewa huna haja nao, maana wewe si mzuri kiasi cha watu kukusamehe ukiwa mjinga. Ulichopewa ni kichwa na vidole vyepesi. Vitumie hivyo.

Fikiria wewe mwenyewe kama ile televisheni ingekaa pale sebuleni. Siku ya kwanza ungecheza, na Nassir angekaa kando yako akisifia. Siku ya pili kuna mpira. Siku ya tatu Bi Zuhura ana tamthilia yake, na wewe utamnyang'anya mavyaa wako rimoti? Wewe unayenong'ona? Hata ukipata saa moja ya usingizi wao, kadi yako itahangaika kuijaza picha kubwa namna ile, mchezo utakuwa unakwama, utapigwa risasi na watoto wa shule, utasema mkono wangu umekufa. Hautakuwa mkono. Lakini utaamini, na utaiuza kadi kwa mtu wa kwanza atakayeuliza. Tena utaiuza kwa furaha, ukidhani ni uamuzi wako.

Skrini hiyo ndogo haina hatari hiyo. Haina rimoti. Haina spika za maana. Haishiki stesheni. Mtu mmoja tu ndiye anayeweza kukaa mbele yake, na akikaa wa pili kando anaumwa shingo. Tena imekuaibisha mbele ya watu, na hakuna mtu katika nyumba ile atakayekugombania kitu kilichokuaibisha. Watakuachia. Hilo ndilo nililolinunua Makadara.

Huenda nimekuharibia. Huenda Bi Zuhura ameshika kifua, amesema ukoo wetu ni wa matapeli, na Nassir amenuna. Nimelifikiria hilo pia huku nikikata selotepu. Kama ndoa yenu inavunjwa na ukubwa wa kioo, bora ivunjike leo wakati hina bado haijafifia, kuliko kesho una watoto watatu. Sikupi pole. Na kama Nassir amecheka pamoja nao, mwangalie vizuri alivyocheka, utajifunza jambo ambalo mimi siwezi kukuandikia.

Jengine nililolifanya, nalo hutalipenda. Chumba chako cha juu nimekipangisha. Ni msichana wa chuo, anasoma pale karibu na Buxton, analeta godoro lake Jumatatu. Kwa hiyo usijipe moyo kwamba utakuwa unakuja hapa alasiri kucheza kwa siri kisha unarudi kwa mumeo umejitia manukato. Ukija utakuta mtu kalala. Kutembelea karibu, chai ipo, lakini mashine yako haina kwetu tena. Iko kwako, na kama kwako hakuna nafasi yake basi ujue huna kwako.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya. Skrini hiyo ukiichomeka na kuiwasha, kompyuta inaweza kuiendesha kwa hezi sitini kama ile kuukuu yako. Wewe ndiye uliyenihadithia yule mshindani wako aliyejigamba mwaka mzima na skrini mpya kumbe hajaingia kwenye mipangilio hata mara moja. Tumia ule waya mnene uliokuja nayo, umo humo ndani ya mablanketi, sio ule wa televisheni. Ingia kwenye mipangilio, ipandishe mpaka mia na sitini na tano, na uwashe ule ufundi wa kuisubiri kadi. Nimesema kama ulivyonifundisha, na kama nimekosea nirekebishe, lakini usinicheke tena. Nassir hatajua kama umeipandisha au umeiacha. Mavyaa wako hatajua. Mimi niko Kuze, sitajua. Ukiiacha kwenye sitini hakuna atakayekulaumu, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Na uwapigie wasichana wako uwaambie nafasi yako wairudishe. Wakisema wameshampa mwengine, pigania. Kule ulikuwa hodari wa kupigania.

Limebaki moja. Nilipokwenda na wenzangu kuitazama nyumba ya kina Nassir, wao walikuwa wakisifu mapazia. Mimi nikatoka nyuma, nikakiona kistoo kando ya jiko. Kina magunia ya mchele na baiskeli mbovu, kina kidirisha cha juu, na kina soketi ambayo niliijaribu kwa chaja ya simu yangu. Inafanya kazi. Mlango wake ni wa mbao nzito na una kitasa.

Bi Zuhura hatakubali kiskrini hicho kikae sebuleni mwake baada ya fedheha ya leo. Atatafuta pa kukificha, na nyumba ile nimeikagua yote, haina pengine pa kuficha kitu. Atakwambia kwa upole, mbele ya watu, ukakiweke stoo pamoja na makebe yako mengine. Usilie. Usibishane. Usimtazame Nassir akutetee. Sema, "Sawa, Mama," kisha mwombe ufunguo.

Mamako